Nyota Ipi Ingetufaa? Uzito, Matumizi na Umri

Mtu anayetafuta jokofu, pampu ya maji au gari la kumtumikia miaka mingi huuliza mambo matatu kabla ya kutoa pesa: lina akiba gani, linakula kiasi gani, na litadumu mpaka lini. Nyota nazo zinaulizika hivyo hivyo. Akiba yake ni uzito wake, kwa kuwa karibu robo tatu ya nyota changa ni haidrojeni, na haidrojeni ndiyo inayoungua. Matumizi yake ni mwangaza, maana nuru yote inayotoka lazima ilipiwe huko ndani. Gawanya akiba kwa matumizi, utapata umri. Hesabu ni nyepesi, lakini jibu lake huwashangaza wengi: nyota iliyozaliwa na akiba kubwa ndiyo inayotangulia kufa, tena kwa tofauti kubwa mno.

Nataka tulinganishe nyota chache, nyingi zikiwa zinaonekana kutoka kwetu kwa macho, kama watu wanaochagua ya kuishi karibu nayo. Uchaguzi huu si wa kufikirika tu. Wanasayansi wanaotafuta uhai nje ya Dunia kwa darubini za mabilioni ya dola huufanya kila mwaka, na wakikosea nyota, saa za darubini hazirudi.

Tuanze na ile tuliyonayo. Jua lina uzito wa kilo 2 zikifuatwa na sifuri 30. Kila sekunde linageuza takriban tani milioni 600 za haidrojeni kuwa heli, na katika hizo, tani kama milioni 4 hugeuka nishati na kuondoka kabisa. Limefanya hivyo kwa miaka bilioni 4.6, na bado lina karibu bilioni 5 nyingine. Kwa jumla, basi, ni nyota ya miaka bilioni 10. Kinachonivutia zaidi ni ubahili wake. Ukigawanya mwangaza wote kwa uzito wote, kilo moja ya Jua hutoa wati 0.0002 tu, ilhali kilo moja ya mwili wa mtu aliyekaa kitako hutoa zaidi ya wati 1. Jua linang'aa kwa sababu ni kubwa, wala si kwa sababu linaunguza kwa pupa, na ubahili huo ndio uliotupa sisi muda.

Sasa, kwa nini uzito uongeze matumizi kupita kiasi? Nyota ni tufe la gesi linalojivuta lenyewe kuelekea katikati. Kinacholizuia lisijikunje ni msukumo wa joto la ndani. Uzito ukiongezeka, mvuto unaongezeka, na kiini hakina budi kuwa na joto zaidi ili kiubebe mzigo. Katikati ya Jua joto ni nyuzi milioni 15 hivi. Ndani ya nyota yenye uzito mara 20 ya Jua hupita milioni 30. Kwa kusikia, ni kama mara mbili tu. Lakini viini vya atomi za haidrojeni husukumana, na uwezekano wa kuungana hubadilika vibaya sana joto likibadilika kidogo. Katika nyota zilizolizidi Jua kwa theluthi moja hivi na kuendelea, kazi hushikwa na njia inayotumia kaboni, nitrojeni na oksijeni kama vichocheo, njia ambayo Hans Bethe aliieleza mwaka 1939 na ambayo ni sehemu ya kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Katika njia hiyo, joto likipanda kwa asilimia 10, kasi ya kuungua hupanda karibu mara 5.

Na nyota haina namna ya kujibana. Haiwezi kupunguza moto ili akiba ifike mbali, kwa sababu moto huo ndio unaoishikilia isiporomoke.

Arthur Eddington wa Uingereza ndiye aliyeuweka wazi uhusiano huu mwaka 1924, na kanuni yake ya jumla mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuitumia. Uzito ukiwa mara mbili, mwangaza hupanda takriban mara 11, na umri hushuka hadi kati ya moja ya tano na moja ya sita. Uzito ukiwa mara 10, mwangaza hupita mara 3,000, na miaka bilioni 10 inabaki kama milioni 30, pengine pungufu. Kanuni hii haitoshei sawasawa kila nyota, hasa zile kubwa sana na ndogo sana, lakini kwa kulinganisha inatosha.

Tazama Rigel, nyota ya buluu inayong'aa katika kundi la Orion, ambalo kwa Kiswahili huitwa Jabari. Uzito wake ni kama mara 20 ya Jua, na mwangaza wake unazidi ule wa Jua zaidi ya mara 100,000. Yaani akiba mara 20, matumizi mara laki moja. Umri wake wote unahesabiwa kwa mamilioni machache ya miaka. Zipo kubwa zaidi: katika Wingu Kubwa la Magellan kuna R136a1, inayokadiriwa kuwa na uzito karibu mara 200 ya Jua, na nyota za daraja hilo humalizika katika miaka milioni 2 au 3. Kule Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, kuna nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Tangu nyayo zile zikanyagwe hadi leo, nyota ya namna hiyo ingekuwa imezaliwa, imewaka na imekwisha.

Mwisho wake nao ni wa haraka kuliko mwanzo. Nyota yenye uzito mara 25 ya Jua hutumia haidrojeni kwa miaka milioni 7 hivi. Ikiisha, inaunguza heli kwa miaka laki kadhaa, kisha kaboni kwa miaka mia kadhaa, neoni kwa takriban mwaka mmoja, oksijeni kwa miezi, na silikoni kwa siku moja hivi. Kila kituo kinahitaji joto kubwa zaidi na kinatoa nishati kidogo zaidi. Baada ya silikoni kinabaki chuma, ambacho hakina nishati ya kutoa, na kiini kinaporomoka kwa chini ya sekunde moja. Mnamo Februari 1987 watu wa kusini mwa dunia waliona kwa macho matupu mlipuko wa nyota ya aina hiyo katika Wingu hilo hilo la Magellan. Nyota yenyewe ilikuwa imeorodheshwa tangu zamani, ikikadiriwa kuwa na uzito mara 20 hivi ya Jua. Ghafla ikang'aa, kisha ikafifia.

Kwa anayetafuta mahali pa kuishi, nyota hizi zinaondoka kwenye orodha mara moja. Dunia ilihitaji karibu miaka bilioni 1 kabla ya kuacha ushahidi thabiti wa vijidudu vya kwanza, na karibu bilioni 4 kabla ya wanyama. Rigel haitoi hata asilimia moja ya muda huo. Hata hivyo siwezi kuzisema vibaya. Oksijeni unayoivuta sasa hivi ilipikwa kwa sehemu kubwa sana ndani ya nyota nzito zilizolipuka kabla Jua halijazaliwa. Bila matumizi yao makubwa, sayari yetu isingekuwa na maji, na wala isingekuwa na mawe ya kukanyaga, maana mawe mengi ni oksijeni iliyoshikana na silikoni.

Lakini tunajuaje umri wa vitu ambavyo hakuna binadamu anayeishi muda wa kuvitazama vikifa? Ushahidi mzuri kuliko wote ni nyota zilizozaliwa pamoja, na mbili za kwanza ziko mahali panapoonekana kirahisi.

Sirius ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote usiku, umbali wa miaka ya nuru 8.6. Mwaka 1844 Friedrich Bessel wa Ujerumani aligundua kwamba mwendo wake unayumba, kama kwamba kitu kisichoonekana kinaivuta. Mwaka 1862, huko Massachusetts, Alvan Graham Clark alipokuwa akiijaribu lenzi mpya ya sentimita 47, aliona nukta hafifu pembeni ya Sirius. Leo tunajua kwamba nukta ile ina uzito karibu sawa na wa Jua, lakini umebanwa katika tufe lisilozidi ukubwa wa Dunia. Ni mabaki ya nyota iliyokwisha kufa, kibete cheupe kinachopoa polepole. Sirius yenyewe ina uzito mara 2 ya Jua na mwangaza mara 25, nayo bado inaunguza haidrojeni yake. Zilizaliwa pamoja yapata miaka milioni 240 iliyopita. Iliyokufa ndiyo iliyokuwa kubwa: hesabu zinaonyesha ilizaliwa na uzito mara 5 hivi ya Jua, ikamaliza akiba katika miaka kama milioni 100, na uzito mwingi ikautupa angani kabla ya kuzima. Kwangu mimi, hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huu. Umri ni mmoja, chimbuko ni moja, na aliyekuwa na kingi ndiye asiyekuwepo.

Kilimia kinaonyesha jambo hilo hilo kwa mamia ya nyota. Wakulima wa Afrika Mashariki wamekitumia tangu zamani kupima majira ya kulima, na kwa macho matupu utahesabu nyota sita au saba. Ukiwa na darubini ndogo ya macho mawili zinakuwa makumi, na kwa jumla kundi lina zaidi ya 1,000. Zote zilitoka katika wingu moja la gesi. Wanaastronomia wakizipanga kwa rangi na mwangaza, wanakuta ndogo zote zipo, za kati zipo, lakini kuanzia uzito wa mara 6 hivi ya Jua kwenda juu, pako wazi. Zilizokuwa hapo zimekwisha. Nyota za uzito huo hudumu miaka milioni 100 na kidogo, kwa hiyo kundi nalo lina umri wa kiasi hicho. Dinosaria wakubwa ambao mifupa yao ilifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, waliishi miaka milioni 150 iliyopita. Anga lao halikuwa na Kilimia.

Twende upande wa pili wa duka, kwenye nyota ndogo. Hizi ndizo nyingi: katika galaksi yetu, takriban nyota 3 kati ya 4 ni vibete vyekundu. Iliyo karibu nasi kuliko zote ni Proxima Centauri, umbali wa miaka ya nuru 4.24, iliyogunduliwa na Robert Innes mwaka 1915 huko Johannesburg. Uzito wake ni asilimia 12 ya Jua, na mwangaza wake haufiki hata asilimia 0.2. Kwa macho huioni kabisa. Hapo tayari akiba inadumu mara 70 ya ile ya Jua. Kisha kuna faida nyingine ambayo kanuni ya Eddington haiisemi: Jua litatumia sehemu ya kama moja ya kumi tu ya haidrojeni yake kabla ya kuanza kuvimba, kwa sababu ile ya nje haifiki kwenye kiini. Kibete chekundu kidogo hujikoroga chote, juu hadi chini, na haidrojeni yote hupata zamu ya kuungua. Ndiyo maana umri wake unahesabiwa kwa trilioni za miaka. Ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8. Hakuna kibete chekundu hata kimoja kilichowahi kufa kwa uzee.

Kwa karatasi, biashara imekwisha: matumizi kidogo, umri usio na kikomo. Lakini hapa ndipo mnunuzi anapaswa kusoma yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Moto ukiwa hafifu, sayari lazima ijisogeze. Sayari inayoitwa Proxima b, iliyotangazwa mwaka 2016, iko kilomita milioni 7 na nusu hivi kutoka kwa nyota yake. Sisi tuko milioni 150. Mwaka wake ni siku 11. Kwa ukaribu huo, mvuto huelekea kuifunga sayari ili upande mmoja uwe mchana daima na mwingine usiku daima. Halafu nyota zenyewe zina hasira. Vibete vyekundu hurusha milipuko ya mionzi inayoweza kuipita ile ya Jua kwa mbali, na sayari imekaa mbele yake kabisa. Gharama kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya utotoni. Kabla ya kutulia, kibete chekundu hung'aa kupita kiasi chake cha baadaye kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na sayari ambayo baadaye ingekuwa na hali nzuri inaweza kuwa imekwisha kuchemshiwa bahari zake.

Hata hivyo, darubini nyingi zinaelekezwa huko, na sababu ni bei. Dunia ikipita mbele ya Jua, hupunguza mwanga wake kwa sehemu 1 kati ya 12,000, na anayesubiri ipite tena atangoja mwaka. Katika TRAPPIST-1, kibete chekundu kilichoko miaka ya nuru 40 hivi chenye sayari 7, sayari zenye ukubwa wa Dunia hupunguza mwanga kwa sehemu kama 1 kati ya 140, na huzunguka kwa siku moja na nusu hadi 19 hivi. Kwa saa zile zile za darubini unapata vipimo vingi na vizito zaidi. Darubini ya James Webb, iliyogharimu karibu dola bilioni 10, imetengewa saa 500 katika mpango wa kuchunguza sayari za mawe zinazozunguka vibete vyekundu, ili ijulikane zipi zina hewa. Majibu ya awali hayafurahishi: vipimo vilivyotolewa mwaka 2023 vilionyesha kwamba sayari ya kwanza ya TRAPPIST-1 haina hewa ya maana, na ya pili haina hewa nzito ya kaboni dioksidi. Naamini kazi hiyo inafaa kuendelea, ila tusichanganye nyota iliyo nafuu kuchunguza na nyota iliyo njema kuishi.

Basi je, tubaki na Jua? Hata Jua lina kasoro ambayo haionekani ukitazama umri wake peke yake. Mwangaza wake hupanda kwa takriban asilimia 10 kila miaka bilioni 1. Lilianza likiwa na asilimia 70 tu ya mwangaza wa leo. Katika miaka kama bilioni 1 ijayo litakuwa kali kiasi cha kuanza kuzimaliza bahari zetu, ilhali lenyewe litakuwa na mabilioni mengine ya kuishi. Kwa hiyo ile miaka bilioni 10 ni umri wa Jua. Muda wa manufaa kwa sayari yenye maji ni kama nusu yake, na sehemu kubwa tumeshaitumia.

Uamuzi wangu unaangukia nyota za rangi ya chungwa, zenye uzito kati ya nusu na asilimia 80 hivi ya Jua. Ni karibu 1 kati ya 8 ya nyota zote, nyingi kuliko zinazofanana na Jua. Hudumu miaka bilioni 17 hadi zaidi ya 40, na mwangaza wao hupanda taratibu kuliko wa Jua. Utoto wao ni mfupi kuliko wa vibete vyekundu, na milipuko yao hutulia mapema zaidi. Sayari haihitaji kujibana karibu nazo hata ifungwe upande mmoja.

Mfano ninaoupenda ni Keid, umbali wa miaka ya nuru 16 hivi. Uzito wake ni asilimia 80 hivi ya Jua na mwangaza haufiki nusu. Sayari yenye joto kama la kwetu ingekaa kilomita milioni 100 kutoka kwake, na mwaka wake ungekuwa siku 220 hivi. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba ina sayari, lakini vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa ishara ile ilitoka kwenye nyota yenyewe. Kwa hiyo nakusifia nyota, sikuuzii sayari. Uzuri mwingine wa Keid ni kwamba haiko peke yake. Ina wenzake wawili: kibete cheupe, kilichokuwa kikubwa kuliko wote na sasa kimekufa, na kibete chekundu ambacho kitawazika wote. Uchaguzi wote wa makala haya uko katika nukta moja ya anga.

Anayetaka kulinganisha mwenyewe hahitaji kutumia pesa nyingi. Rigel, Sirius, Kilimia na Keid zinaonekana kwa macho, ingawa Keid inataka utoke mbali na taa za mjini. Darubini ya macho mawili yenye lenzi za milimita 50 itatosha kabisa kwa Kilimia. Ukinunua darubini ya kusimamisha, usidanganywe na boksi lililoandikwa kwamba inakuza mara 500. Uliza kipenyo cha lenzi au kioo chake, kwa kuwa ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita: lenzi ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120. Hiyo ya 60 au 70 itakuonyesha kibete cheupe cha Keid, ambacho ndicho kibete cheupe kirahisi kuliko vyote kuonekana. Kwa kile chekundu utahitaji kioo cha milimita 150 au zaidi na usiku mweusi. Na darubini yoyote isiyo na kichujio maalumu usiielekeze kwenye Jua kamwe, jicho haliponi.

Januari, kati ya saa 2 na saa 4 usiku, nyota hizi zote ziko juu ya Afrika Mashariki kwa pamoja. Itafute Rigel kwanza. Nyoosha mkono, kunja ngumi, kisha pima ngumi moja na nusu kutoka Rigel kuelekea magharibi. Utaona nyota mbili hafifu zilizokaribiana. Keid ni ile hafifu zaidi, iliyo upande wa Rigel. Kama una mtoto nyumbani, mtoe nje akaione naye.